Creusa Watatu, Jina Moja

Msomaji wa visasili vya Wayunani wa kale hakosi kutatizwa na jina la Creusa, kwani wanawake kadhaa huitwa hivyo. Hapa twawatazama watatu. Wa kwanza ni binti Erechtheus, mfalme wa Athens, aliyenajisiwa na Apollo, akazaa kwa siri na kumtupa mtoto pangoni. Wa pili ni mke wa Aeneas, aliyepotea usiku mji wa Troy ulipoteketezwa. Wa tatu ni binti Creon, mfalme wa Korintho, aliyeolewa na Jason, kisha akauawa kwa vazi la sumu alilopelekewa na Medea.

Jina hilo ni sura ya kike ya Creon, na maana yake ni mwenye kutawala. Lakaribia kuwa cheo, kama ngano zetu zimtajavyo ‘binti sultani’ pasipo kumpa jina. Wala halikuwaganda wenyewe. Euripides, katika Medea iliyochezwa mwaka 431 K.K., hakumtaja binti wa Korintho kwa jina. Wengine walimwita Glauce, naye Seneca akamwita Creusa. Mke wa Aeneas aliitwa Eurydice katika masimulizi ya zamani zaidi.

Vitabu vya marejeo huwapambanua kwa baba na waume zao. Kwa maoni yetu kipimo hicho hakitoshi. Yatupasa kusikiliza kauli zao. Katika Medea, binti wa Korintho hatokei jukwaani. Kifo chake twakisikia kwa mjumbe. Virgil amempa mke wa Aeneas maneno machache, na yaliyo mengi huyasema akiwa mzuka, akimliwaza mumewe na kumtabiria mke mwingine. Lakini katika Ion ya Euripides, Creusa wa Athens kwanza asimulia kisa chake kana kwamba ni cha rafiki yake. Baadaye uvumilivu wamwishia, amshtaki Apollo waziwazi. Hata ajaribu kumwua kijana asiyejua kuwa ni mwanawe. Ana uchungu, ana kosa, ana sauti.

Basi mwalimu atakapowakuta watatu hawa darasani, asiridhike na wanafunzi kukariri nani alikuwa binti wa nani. Awaulize: ni yupi aliyepewa nafasi ya kusema, na alisema nini?