Wataalamu 5, Kurasa 5: Jinsi Utafiti Mdogo Ulivyoitikisa Fani ya Alama za Vidole

Mwaka 2006 jarida la Forensic Science International lilichapisha makala ya kurasa 5 tu. Waandishi walikuwa watatu: Itiel Dror na Ailsa Péron wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, pamoja na David Charlton, mtaalamu wa alama za vidole katika polisi ya Sussex. Waliofanyiwa utafiti walikuwa wataalamu 5. Kwa desturi ya majarida ya sayansi, idadi hiyo ni ndogo kiasi kwamba mhariri mwenye haraka angeweza kuirudisha makala siku hiyohiyo. Badala yake, makala ile imekuwa miongoni mwa zinazotajwa sana kila panapojadiliwa namna akili ya mtaalamu inavyoweza kupotoka kazini. Inafaa kuichambua hatua kwa hatua, kwa sababu nguvu yake haikutoka kwenye wingi wa takwimu. Ilitoka kwenye mpango wa jaribio, na kwenye uangalifu wa kudai kile tu kilichothibitishwa.

Swali lilikotoka

Machi 11, 2004 mabomu yalilipuka kwenye treni za abiria mjini Madrid na kuua zaidi ya watu 190. Polisi wa Hispania walipata mfuko wa plastiki uliokuwa na vifaa vya kulipulia mabomu, na juu ya mfuko huo kulikuwa na alama ya kidole. Picha ya alama ilipelekwa FBI, Marekani. Kompyuta ikatoa orodha ya watu 20 ambao alama zao zilikaribiana nayo. Mmoja wao alikuwa Brandon Mayfield, wakili wa jimbo la Oregon.

Wataalamu 3 wa FBI walisema alama ile ni ya Mayfield. Mtaalamu wa nne, aliyeteuliwa na mahakama ili atazame upya kwa niaba ya utetezi, naye akakubali. Polisi wa Hispania walikuwa wameshaeleza tangu Aprili kwamba wao hawaoni mfanano huo, lakini hawakusikilizwa. Mayfield alikamatwa Mei 6 na kuwekwa ndani wiki mbili, mpaka Hispania ilipotangaza kwamba alama ile ni ya Ouhnane Daoud, raia wa Algeria. FBI ikafuta tamko lake na kuomba radhi.

Kosa lile liliumiza zaidi kwa sababu ya kiburi kilichokuwa kimelitangulia. Kwa miaka mingi mahakama za Marekani ziliambiwa kwamba mbinu ya kulinganisha alama za vidole, ikifuatwa sawasawa, ina kiwango cha kosa sifuri. Hapa wataalamu wanne wenye uzoefu walikuwa wamekosea juu ya alama moja. Tena kila aliyefuata alijua aliyemtangulia amesemaje. Mganga hajigangi: ukaguzi unaofanywa na mtu ambaye tayari anajua jibu la mwenzake si ukaguzi.

Hapo ndipo swali la utafiti lilipozaliwa. Je, mtaalamu anapotazama mistari ya kidole, anaamua kwa yale anayoyaona tu, au hata yale aliyoambiwa kabla ya kutazama huingia kwenye uamuzi wake?

Vikwazo viwili, na namna vilivyovukwa

Kulipima jambo hili kulikuwa na ugumu wa pande mbili.

Ugumu wa kwanza ni kipimo chenyewe. Alama inayookotwa mahali pa tukio mara nyingi ni kipande tu: imepakazika, imekatika, imeachwa kwenye plastiki au mpini wa kisu. Mtaalamu huiweka kando ya alama safi ya mshukiwa iliyochukuliwa kituoni, kisha hutafuta mahali mstari unapoishia, mahali unapogawanyika kuwa miwili, na umbali wa alama hizo ndogo kutoka moja hadi nyingine. Ukimpa mtaalamu A jozi moja na mtaalamu B jozi nyingine, na majibu yakatofautiana, huwezi kujua kama tofauti imetokana na mtu, ugumu wa jozi, mafunzo au maelezo aliyopewa.

Watafiti walikwepa mtego huo kwa kumlinganisha kila mtaalamu na yeye mwenyewe. Waliingia kwenye kumbukumbu za kazi wakatoa jozi ambazo kila mmoja wao alikuwa ameziamua mwaka 2000, katika kesi halisi, kwamba zinalingana. Wataalamu wengine wawili, kila mmoja akiwa na uzoefu wa zaidi ya miaka 20, walizitazama upya na kuthibitisha kwamba kweli zinalingana. Baada ya hapo kila mtaalamu alirudishiwa jozi yake ya zamani bila kujua kwamba ni yake. Mistari ni ileile, macho ni yaleyale na mafunzo ni yaleyale, kwa hiyo jibu likibadilika, lawama haiwezi kuangukia alama.

Ugumu wa pili ni kwamba mtu anayejua yuko kwenye mtihani hubadilika. Hujihadhari zaidi kuliko anavyofanya siku ya kazi ya kawaida. Lakini kumjaribu mtu bila ridhaa yake ni kosa la kimaadili, na jarida la heshima haliwezi kupokea kazi ya namna hiyo. Suluhisho lilikuwa kuomba ridhaa mapema. Wataalamu walikubali kwamba ndani ya miezi 12 iliyofuata wangejaribiwa, bila kuambiwa lini wala kwa namna gani. Siku ilipofika, mfanyakazi mwenzao aliwaletea jozi kazini, katika mazingira waliyoyazoea, akawaomba maoni. Maelezo yaliyoambatana nayo yalikuwa mafupi: hii ndiyo jozi ambayo FBI ilikosea katika kesi ya Madrid. Wote 5 walikuwa wamechaguliwa kwa sababu hawakuwahi kuziona alama za Mayfield. Waliambiwa wayasahau maelezo hayo na watazame mistari peke yake, kwa muda wowote watakao na kwa vifaa wanavyovitumia kila siku.

Maelekezo hayo ya mwisho yana uzito mkubwa. Watafiti hawakumsukuma mtu akosee. Walimwonya kabisa asiyumbishwe.

Matokeo yalikuwa haya. Wataalamu 3 kati ya 5 walisema jozi hailingani, wakapinga uamuzi wao wenyewe wa miaka ya nyuma. Mmoja alisema hakuna taarifa za kutosha kuamua. Mmoja tu ndiye aliyesimama na jibu lake la awali.

Kudai kwa kipimo cha ushahidi

Makala ya kitaaluma ikifika kwenye jarida, kwanza hupita mikononi mwa mhariri, ambaye huangalia kama inafaa kusomwa zaidi. Ikivuka hapo, hupelekwa kwa wahakiki, yaani wanataaluma wengine wa fani hiyo ambao kwa kawaida hawajulikani na mwandishi. Hao huuliza maswali magumu: sampuli imepatikanaje? Kuna maelezo mengine yanayoweza kuzaa matokeo haya? Hitimisho limebebwa na data, au limeitangulia?

Kwa sampuli ya watu 5, swali la tatu ndilo linaloua makala nyingi. Mwandishi asiye makini angeandika kwamba asilimia 80 ya wataalamu wa alama za vidole huyumbishwa na maelezo ya nje. Dai hilo lingeanguka palepale, kwa kuwa watu 5 hawawezi kuwawakilisha maelfu. Dror na wenzake walidai jambo jingine: kwamba mtaalamu anaweza kuyumbishwa, na kwamba maelezo ya kesi ni njia mojawapo ya kumyumbisha. Dai la aina hiyo halihitaji sampuli kubwa. Fani iliyosema haikosei inajibiwa na mfano mmoja ulio imara, na hapa ilikuwapo mifano 4. Mtafiti kijana akilishika somo hilo tu, atakuwa ameshika jambo kubwa: ukubwa wa sampuli hupimwa kwa aina ya dai. Kuonyesha kwamba jambo lipo ni kazi moja, na kupima linatokea mara ngapi ni kazi nyingine.

Uchaguzi wa jarida nao ulikuwa wa busara. Makala ilipelekwa kwa watu wa fani yenyewe, ikiwa na jina la mtaalamu wa polisi miongoni mwa waandishi. Wapinzani wasingeweza kusema kwamba ni maneno ya watu wa saikolojia wasiojua kushika lenzi. Ilibidi wajibu hoja.

Udhaifu uliobaki, na kazi ya pili

Makala ilikuwa na mapengo mawili ya wazi. Kesi ya Madrid ilikuwa maarufu mno, na maelezo yake yalikuwa na nguvu isiyo ya kawaida. Pia hapakuwa na kundi linganishi: nani ajuaye kama mtaalamu asingebadilisha jibu hata bila kuambiwa lolote?

Dror na Charlton walirudi na jaribio jingine, likachapishwa mwaka huohuo wa 2006 kwenye Journal of Forensic Identification. Safari hii wataalamu walikuwa 6, kila mmoja akapewa jozi 8 alizowahi kuziamua, hivyo maamuzi yakawa 48. Nyingine zilikuwa rahisi, nyingine ngumu. Nusu zilikuja bila maelezo yoyote; nusu nyingine zilikuja na maelezo ya kawaida ya kituo cha polisi, kama vile mshukiwa amekiri, au mshukiwa alikuwa mahabusu wakati tukio linatokea. Majibu 6 kati ya 48 yalibadilika, na wataalamu 4 kati ya 6 walijipinga angalau mara moja. Mabadiliko 2 kati ya hayo 6 yalitokea kwenye jozi zisizo na maelezo yoyote.

Namba hiyo ya mwisho ilipunguza makali ya hoja ya watafiti wenyewe, maana ilionyesha kwamba mtaalamu hutofautiana na nafsi yake hata pasipo kuyumbishwa. Waliiandika wazi. Msomaji wa sayansi huijenga imani yake juu ya mwandishi kwa mambo kama hayo.

Kiwango cha kosa kwa fani nzima kilipimwa baadaye na watu wengine. Mwaka 2011 Bradford Ulery na wenzake walichapisha katika jarida la PNAS utafiti wa wataalamu 169. Walikuta kwamba kuzilinganisha kimakosa alama za watu wawili tofauti kulitokea kwa asilimia 0.1, na kuzitenganisha kimakosa alama za mtu mmoja kulitokea kwa asilimia 7.5. Fani haikuwa ya ovyo, wala haikuwa na kosa sifuri. Tayari mwaka 2009 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilikuwa limeandika kwamba dai la kosa sifuri haliwezekani kisayansi. FBI nayo ilibadilisha utaratibu: mtaalamu aichambue kwanza alama ya tukio na kuandika anachokiona, ndipo atazame alama ya mshukiwa.

Jaribio linapobeba mambo mawili kwa pamoja

Ili kuona thamani ya mpango ule wa 2006, tazama kazi nyingine ya Dror na wenzake iliyotoka mwaka 2021 kwenye Journal of Forensic Sciences, kuhusu madaktari wanaochunguza vifo. Madaktari walipewa kisa cha mtoto aliyefariki kwa majeraha ya kichwa. Katika toleo moja mtoto alikuwa mweusi na mlezi alikuwa rafiki wa kiume wa mama. Katika jingine mtoto alikuwa mweupe na mlezi alikuwa bibi yake. Maamuzi kwamba kifo ni mauaji yaliongezeka kwenye toleo la kwanza.

Wakosoaji walikuja juu, hata wakataka makala iondolewe. Jarida halikuiondoa, lilichapisha barua zao na majibu ya waandishi. Lakini hoja yao moja ilikuwa na mashiko: toleo moja lilitofautiana na jingine kwa mambo mawili, rangi ya mtoto na uhusiano wa mlezi. Jibu likibadilika, lipi limelibadilisha? Mwaka 2006 kilichobadilika kilikuwa kimoja tu, ndiyo maana upinzani haukupata mlango wa namna hiyo.

Kwa maabara na mahakama zetu

Katika sheria za Kenya na Tanzania, ushahidi wa mtaalamu ni maoni. Mahakama huyapima pamoja na ushahidi mwingine, wala haifungwi nayo. Lakini hakimu atayapimaje kama hakuna kazi iliyochapishwa inayoonyesha wataalamu wa mahali hapa hukosea mara ngapi, na katika mazingira gani? Takwimu za Marekani haziwezi kutusemea milele.

Utafiti wa 2006 haukuhitaji mashine za gharama. Ulihitaji majalada ya zamani, wataalamu walioridhia kujaribiwa, na watu wenye ujasiri wa kuuliza kama fani yao inaona inachodai kukiona. Majalada tunayo, na wataalamu tunao. Wakuu wa maabara wafungue milango hiyo kwa vyuo vikuu, na watafiti wetu wapeleke kazi zao kwenye majarida yenye wahakiki wakali, hata kama sampuli ni ndogo, mradi dai lisizidi ushahidi. Mshtakiwa aliyesimama kizimbani ana haki ya kujua kwamba jicho lililomtambua limewahi kupimwa.