Majina ya Barabara za Kampala: Wakalimani Wako Wapi?

Anayetaka kuijua Kampala ya kikoloni kwa miguu hana budi kuanzia Old Kampala, kilima ambacho Kapteni Lugard alijenga ngome yake Desemba 1890. Kutoka hapo huteremka mjini, kisha hupanda Nakasero, na njia nzima vibao vya barabara humsomea historia. Mwezi Februari 2025 Mahakama Kuu iliamuru mamlaka ya jiji iondoe majina ya wakoloni katika vibao hivyo. Uamuzi huo tunauunga mkono. Hata hivyo, mjadala uliouzunguka una kasoro moja inayotuhusu sisi walimu wa Kiswahili: mkoloni anatolewa, mfalme au mwanasiasa anaingizwa, basi. Aliyewawezesha wawili hao kuelewana hatajwi.

Tumchukue Speke, aliyepewa barabara Nakasero na hoteli juu yake. Alipofika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1862 hakuwa na Kiganda hata kidogo. Alisema Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuwa mtumwa India. Bombay akayageuza maneno kwa Kiswahili. Nasib naye akayatia katika Kiganda. Majibu yalirudi kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo neno la Speke lililomfikia Kabaka lilikuwa limepita kwanza katika Kiswahili. (Wanaofundisha tafsiri wangeweza kutumia muhula mzima kwa mfano huu mmoja.)

Kuna pia Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na wamisionari Unguja. Stanley alimwacha kwa Mutesa mwaka 1875, akamsomea na kumwandikia Kabaka barua, akasaidia kutafsiri sehemu za Biblia kwa Kiswahili. Wamisionari wa CMS walifika 1877 wakamkuta. Kumbe Kiswahili kilisomwa na kuandikwa katika baraza la Buganda miaka kumi na mitano kabla ya ngome ya Lugard!

Jambo hili si dogo. Mwanafunzi wa Kampala huingia darasani mwetu akiwa ameshaambiwa nyumbani kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Hatuwezi kukana kwamba askari walikitumia, wala kwamba raia walitukanwa na kupigwa kwa lugha hiyo. Lakini akitembezwa njia hii, naye akaonyeshwa Lugard na ngome tu, ataamini kwamba lugha ililetwa na bunduki. Akionyeshwa Maftaa ameketi na kalamu mbele ya Kabaka, atakuwa na jambo la kuwajibu wazazi wake.

Kuhusu maneno Road, Street na Avenue, ambayo hakuna aliyeyashtaki, tuseme tu kwamba Katiba iliyorekebishwa 2005 inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaa na barabara ni maneno mafupi. Yanaenea kwenye kibao.

Kamati za majina hupokea mapendekezo. Idara yetu ipeleke mawili: Bombay na Maftaa. Nasib angekuwa wa tatu.