Vishoka wa Mbinguni

Kila orodha ya riwaya za kisayansi zinazogusa dini na ufisadi huanza na Dune ya Frank Herbert, na sina ubishi. Riwaya ile ya mwaka 1965 ina jambo linalonitisha kuliko ile minyoo yake mikubwa ya jangwani: kuna umoja wa wanawake, Bene Gesserit, unaopanda imani kwenye sayari za watu kwa makusudi, ili siku mmoja wao akikwama huko akute wenyeji tayari wanamsubiri mkombozi. Dini imewekwa kama akiba benki. Lakini msomaji wa Kiswahili akiishia hapo atakuwa amekula kwa jirani wakati kwao chungu kiko mekoni.

Chungu cha kwanza ni Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, mwanasosholojia wa Kenya aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, enzi za Moi. Mhusika wake mkuu, Dzombo, anahukumiwa kifo na watawala wa nchi yake, na namna ya kumuua ni kumtia kwenye chombo cha angani na kumrusha. Hafi. Anafika Walenisi, mahali pasipo na bwana wala mtwana. Lisome jina polepole: wale ni sisi.

Napenda hasira ya kitabu hiki, ila Walenisi yenyewe inanichosha. Watu wake ni wema mno, halafu wanaelezea mno. Ufisadi umetolewa kama mtu anavyotoa mawe kwenye mchele, na hatuuoni mkono uliochambua. Aliyeonja kizuizini ana haki ya kuota, sawa. Lakini mimi nilitaka kuona mtu wa Walenisi akijaribiwa, hata mara moja, na kitu anachokitamani kweli.

Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari, haoti. Katika Babu Alipofufuka (2001) mkubwa mmoja anayeitwa K, aliyenona kwa jasho la wengine, anajiwa na babu yake aliyekwisha kufa, akazungushwa kuoneshwa yaliyopita, yaliyopo na yajayo. Hakuna roketi humu, na wapo watakaosema si sayansi. Waseme. Kusafiri katika wakati ni kusafiri katika wakati, hata kama nauli umelipiwa na marehemu. Kinachonivutia ni nani aliyepewa kazi ya kumsaili K. Si hakimu, si tume, si shehe wala padri. Ni kama mwandishi amezunguka taasisi zote akakuta kila moja ina bei, ndipo akaenda makaburini.

Sasa Mzingile (1991) ya Euphrase Kezilahabi. Hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Kezilahabi alipitia seminari ya Nyegezi kabla ya kuwa mwandishi, na anaijua nyumba anayoibomoa. Msimulizi anatumwa kwa mzee mmoja kumpa taarifa kwamba mwanawe amekufa. Mzee anaishi kibandani, na ukisoma kidogo tu unamjua ni nani. Hana kiti cha enzi wala malaika wa zamu, wala hana haraka ya kuja kumwokoa mtu. Baadaye dunia inateketea, na msimulizi anatembea katika mabaki yake.

Wahakiki wengi wamekisoma kitabu hiki kama falsafa ya maisha kukosa maana. Mimi nakisoma pia kama kitabu cha ufisadi. Hapa Chapwa malori yanapanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Nakonde, na kila dereva anamjua kishoka: mtu asiye na ofisi wala kitambulisho, lakini anayedai kujua nani wa kumwona ndani. Kishoka haishi kwa sababu mkubwa yupo. Anaishi kwa sababu mkubwa haonekani. Sasa mweke Mungu kibandani, kimya, mbali na njia, halafu jiulize ni wangapi watajitokeza kukwambia wametoka kwake sasa hivi. Kwa kumwonesha mzee jinsi alivyo, Kezilahabi anawanyang'anya vishoka mtaji wao wote.

Msije mkasema nimelazimisha. Ng'ambo tu ya mpaka huu, Desemba 1991, mwaka uleule wa Mzingile, Rais Frederick Chiluba aliitangaza Zambia kuwa taifa la Kikristo. Mwaka 2007 mahakama ya London, katika kesi ya madai, iliamua kwamba yeye na wenzake walichota mamilioni ya dola za umma. Mwaka 2009 mahakama ya kwao ikamwachia huru katika kesi ya jinai. Na kwetu, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa Moshi wakikanyagana kwenye ibada, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Waliokufa hawakuwa wajinga. Walikuwa wamepanga foleni ndefu kwingine kote, hospitali, kazini, mahakamani, wakaambiwa hapa kuna njia ya mkato.

Riwaya ya Kiswahili inayoingia ndani ya umati ule bado sijakutana nayo. Kezilahabi mwenyewe haingii. Watu wake ni vivuli, njaa yao haina harufu, na huo ndio udhaifu mkubwa wa Mzingile. Mkangi alikuwa na umati bila majaribu, Kezilahabi ana majaribu bila umati. Vijana wanaoandikia Tuzo ya Nyabola, ile ya bunilizi za kisayansi kwa Kiswahili, kazi hiyo iko wazi kabisa mbele yenu.

Kwa anayetaka kuanza: watu hushauri Nagona (1990) kwanza kwa kuwa ilitangulia. Mimi nasema anza na Mzingile. Ni kitabu chembamba, jioni moja unakimaliza, na kile kibanda utakikuta mapema.