Minara ya Kichuguu: Chuo cha Turkana Kilivyonipagawisha Nikiwa Bukoba

Jamani, wekeni kando kidogo ramani za madarasa mliyozoea, mtazame hiki kitu! Chuo cha teknolojia ya habari, ukingoni mwa Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, kwenye jangwa la mawe na vumbi ambako nyuzi 35 ni joto la kawaida, halafu kinajipoza chenyewe. Kwa umbo lake! Kinaitwa Startup Lions, kilikamilika mwaka 2021, na vijana wa huko wanajifunza humo kazi za kompyuta. Aliyekichora ni Francis Kéré, mzaliwa wa Gando, Burkina Faso, ambaye mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kutwaa Tuzo ya Pritzker. Kwa wasanifu majengo hakuna tuzo iliyo juu ya hiyo.

Bukoba hadi Turkana si mwendo wa mchezo, kwa hiyo ninayoyasema yanatoka kwenye picha na michoro. Mchoro wa mkato ndio ulionimaliza. Minara mitatu mirefu, yenye rangi ya chungu kilichochomwa, inachomoza juu ya paa. Chini, karibu na sakafu, kuna matundu ya kuingizia hewa baridi. Hewa hiyo ikishapata joto la watu na mashine inakuwa nyepesi, inapanda, inatokea kwenye mdomo wa mnara, na ikitoka inavuta nyingine nyuma yake. Hivyo hivyo mchana kutwa, bila kula hata uniti moja ya umeme! Kuta ni mawe ya machimbo ya hapo hapo, yaliyopigwa lipu. Jengo lenyewe linafuata mteremko badala ya kuuchonga, na juu kuna baraza za kukaa ukilitazama ziwa. Nani atataka kurudi nyumbani?

Umbo la minara Kéré amelitoa kwenye vichuguu virefu vya Turkana. Niliposoma hilo nilipiga ukelele, maana sisi wa Kagera, mkoa wenye mji huu wa Bukoba, kwa kichuguu tuna historia, tena si ya kumbikumbi peke yao. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science habari za ufuaji chuma wa Wahaya, wenyeji wa huku, na mabaki ya matanuri yaliyochimbwa upande wa Kemondo, kwenye njia ya Muleba, yenye umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Wazee waliowajengea tanuri la mfano walitumia udongo wa kichuguu, kwa sababu unastahimili moto. Mirija ya udongo iliyopitisha upepo wa mivukuto waliizamisha ndani kabisa, na kwa maelezo ya watafiti hao hewa ilifika kwenye makaa ikiwa imeshapata moto. Wazee wetu walikitumia kichuguu kulinda joto, Kéré anakitumia kulifukuza!

Sasa mtu asikimbilie kuunakili mnara wa Kéré huku kwetu, Kashai au Kamachumu. Turkana wanapata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka, Bukoba inakaribia 2,000. Adui wetu si jua. Kila aliyesoma Muleba anajua mvua ikipiga bati: mwalimu anaacha kufundisha, anasimama dirishani, darasa zima linasubiri. Kwa hiyo mimi ningeanzia kwenye paa: dari nzito ya kumeza kelele, upenu mrefu wa kuzuia maji yasifike ukutani, na tangi kubwa la kuyakinga. Halafu lipo tetemeko la Septemba 10, 2016, ukubwa 5.9, lililobomoa nyumba kwa maelfu na kuharibu vibaya sekondari za Ihungo na Nyakato. Mnara wa mawe bila nondo na mikanda ya zege hapa ni hatari juu ya vichwa vya watoto.

Lakini chumba cha kompyuta chenye watu 40 kinachemka hata Bukoba. Hicho kipewe mnara! Mmoja tu, mwepesi, wenye kofia ya kuzuia mvua, na matundu chini upande wa ziwa letu. Na mdomo wake utiwe wavu wa chuma tangu siku ya kwanza, la sivyo popo watahamia kabla ya wanafunzi.