Kiti cha Kileleni: Jinsi Gombe Ilivyopandwa

Ukisimama kwenye ufukwe wa Kasekela, katika hifadhi ya Gombe kando ya Ziwa Tanganyika, ukatazama mashariki, ukingo wa juu wa Gombe unaonekana kama wa kufikia kabla ya chai ya saa nne. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita tatu hivi tu. Lakini maji ya Tanganyika yako karibu mita 773 juu ya usawa wa bahari, na ukingo ule unapita mita 1,500. Kwa kila mita nne unazokwenda mbele, unapanda karibu moja. Huo ni wastani. Pako mahali ambapo mtu hupanda kwa mikono kama kwa miguu, akishika mizizi na mashina ya nyasi, changarawe zikimteleza chini ya soli.

Ugumu wenyewe wa Gombe, hata hivyo, hauko kwenye kimo. Uko kwenye umbo. Kutoka ukingoni migongo ya milima inashuka kuelekea ziwani kama vidole vya mkono uliotandazwa, na kati ya kidole na kidole kuna bonde lenye kijito kisichokauka: Mitumba, Kasekela, Kakombe, Mkenke. Mabondeni msitu ni mzito, umefungamana kwa mitambaa. Migongoni ni nyasi na miti ya kutawanyika. Anayekwenda kutoka kaskazini hadi kusini akiwa juu ya miteremko hana njia ya kuambaa. Lazima ashuke, avuke kijito, apande, ashuke tena. Ikiwa mgongo mmoja umeinuka mita 300, mabonde matatu ni mita 900 za kupanda kwa siku moja, na bado hajaona hata mkia wa nyani.

Huo ndio uwanja aliokabidhiwa Jane Goodall, aliyetumwa kuchunguza sokwe, tarehe 14 Julai 1960. Alikuwa na miaka 26, hana shahada ya chuo kikuu, na fedha alizotafutiwa na mwanaakiolojia Louis Leakey zilitosha miezi sita tu. Kigoma ilikuwa imefurika Wabelgiji waliokimbia Kongo, iliyopata uhuru wiki mbili tu nyuma. Jane na mama yake, Vanne, walipiga hema kwenye uwanja wa gereza la mji, na kabla ya kuwaona sokwe wakashiriki kuandaa vipande 2,000 vya mkate wenye nyama ya kopo kwa ajili ya wakimbizi. Ndipo wakapelekwa kwa boti kaskazini, pamoja na mpishi wao Dominic Bandora.

Wakuu wa serikali ya kikoloni hawakukubali msichana akae porini peke yake. Ndiyo sababu mama alikuja. Wala hawakumruhusu apande milima bila mwenyeji. Akapewa askari wa wanyamapori, Adolf Siwezi, na akapata msaada wa Rashidi Kikwale. Hapa nina neno na masimulizi mengi ya Gombe. Yanaanza na binti wa Kiingereza na darubini yake, kana kwamba njia alizikuta zimefyekwa zikimngoja. Njia alionyeshwa. Katika misafara ya zamani iliyotembea kutoka Bagamoyo hadi Ujiji palikuwa na kirangozi, mtu wa mbele aliyejua maji yako wapi na kambi ipigwe wapi, na hapakuwa na msafara uliofika bila yeye. Kazi ya Rashidi na Adolf ilikuwa ya namna hiyo hiyo. Anayechambua jinsi Gombe ilivyofunguka akiwaacha watu hawa, uchambuzi wake una tundu.

Mbinu ya kwanza ilikuwa ya kufuata: sauti ya sokwe ikisikika bondeni, watu watatu wanaifuata. Mwanzoni bahati iliwapa msulula mmoja uliojaa matunda, sokwe wakawa wanaujia kwa siku kumi hivi, na watazamaji wakakaa ng'ambo wakiangalia. Matunda yalipokwisha, mbinu ikashindwa, na sababu zake zinaonekana wazi. Ndani ya bonde mtu haoni mbali. Sauti inapiga kwenye miteremko na kurudi, hujui imetoka wapi. Watu watatu wakipita kwenye majani makavu wanasikika kabla hawajaonekana. Na sokwe wa wakati ule walikuwa wakikimbia wakimwona binadamu hata umbali wa mita 450. Kila siku ilikuwa ya jasho, na jioni daftari lilirudi jeupe.

Kisha homa ya malaria ikawalaza mama na binti pamoja. Jane alipopata nguvu kidogo, aliona miezi imekatika na fedha zinakwisha. Asubuhi moja akatoka kabla ya joto, bila mtu wa kumsindikiza, akapanda mteremko ulio nyuma ya kambi. Alikuwa dhaifu, akipumzika kila baada ya muda mfupi, na alipofika kwenye kilima cha mawe kilicho wazi, kiasi cha mita 300 juu ya ziwa, akakaa. Mahali hapo leo panaitwa Kilele cha Jane. Siku ile sokwe walipita karibu kuliko walivyowahi kupita, wakamwona, wakamtazama, wakaenda zao bila kukimbia. Baadaye kundi likashuka bondeni kula tini, naye akawaona vizuri kutoka juu.

Bahati ilikuwepo. Lakini mtu hukaa juu ya bahati yake siku ya pili na ya tatu kwa sababu ameielewa, na hapo ndipo ufundi unapoanza. Kile kilele kiko kati ya mabonde, si kwenye ukingo wa juu kabisa. Angepanda hadi ukingoni angeona ziwa lote na milima ya Kongo ng'ambo, na sokwe wangekuwa nukta. Pale katikati, vilele vya miti ya tini viko chini ya jicho, na msitu unaomziba anayetembea ndani yake haumzibi anayeutazama kutoka juu. Sauti nayo, ambayo bondeni ilimchanganya, huku juu inapanda kutoka upande mmoja au mwingine, na sikio linaweza kuigawa. Halafu kuna hesabu ya nguvu: badala ya mita 900 za kupanda na kushuka, anapanda 300 mara moja, alfajiri, na miguu inabaki na akiba ya kushuka upande wowote patakapotokea jambo.

Kubwa kuliko hayo, naona mimi, ni kwamba alionekana. Bondeni alikuwa kitu kinachonyemelea, na kinachonyemelea msituni ni chui. Kileleni alikuwa kiumbe kimoja, amevaa nguo za rangi iliyofifia zile zile kila siku, amekaa mahali pale pale, hafuati mtu. Sokwe walipewa nafasi ya kumchunguza kwa mbali kwa muda waliotaka wao. Ilichukua zaidi ya mwaka mpaka wengi wao wakamvumilia umbali wa mita 90 hivi.

Alipandisha sanduku la bati, akalifanya ghala lake: birika, kahawa, sukari, maharage ya kopo, sweta na blanketi. Vitu vya bei ndogo, lakini kila kilichohifadhiwa juu ni mzigo ambao haukubebwa kesho yake. Sokwe wakijenga viota karibu, hakulazimika kushuka gizani na kupanda tena kabla ya mapambazuko. Alilala huko huko. Kupanda mara moja kulimpa siku mbili za kazi.

Mwishoni mwa Oktoba 1960 alimwona sokwe akila nyama, jambo ambalo wataalamu hawakulitarajia. Tarehe 4 Novemba akamwona dume aliyempa jina la David Greybeard akichomeka mabua kwenye kichuguu na kuvua mchwa. Chombo kilikuwa mkononi mwa mnyama, na maelezo ya vitabuni, yaliyomtambulisha binadamu kama kiumbe pekee anayetengeneza zana, yakabidi yatazamwe upya.

Baadaye mlima uligeuzwa. David Greybeard alishuka mwenyewe kambini kula chikichi, akachukua na ndizi, na tangu hapo ndizi zikaanza kutolewa. Kule kwenye milima ya Mahale, kusini zaidi kando ya ziwa hilo hilo, Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto naye aliwavuta sokwe kwa miwa katikati ya miaka ya 1960. Ilirahisisha kazi sana. Lakini sokwe waliokusanyika kwenye ndizi walizidisha ugomvi, na ikabidi ugawaji upunguzwe. Kwa maoni yangu daftari la kileleni, pamoja na umbali wake wote, lilikuwa safi zaidi.

Mlima nao ulidai. Mwaka 1969 msaidizi wa utafiti kutoka Marekani alianguka kwenye genge akafa, na baada ya hapo wanafunzi waliokuja kufanya utafiti hawakwenda tena peke yao. Kila mmoja aliambatana na Mtanzania. Mei 1975 wapiganaji waliovuka ziwa kutoka Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, waliwateka wanafunzi wanne. Wageni wakaondolewa, na kazi ikabaki kwa wanaume wa vijiji vya pwani ile ya ziwa, akina Hilali Matama na wenzake, ambao miguu yao ilizoea miteremko tangu utotoni. Kumbukumbu hazikukatika.

Mbinu yao si ya kukaa tena. Sokwe wameshazoea watu, kwa hiyo wawili wanamfuata mmoja tangu anapotoka kiotani alfajiri mpaka anapojenga kingine jioni. Mmoja anaandika anachokula na anayekutana naye, mwenzake anachora njia kwenye ramani. Akivuka Kakombe, wanavuka. Akipanda hadi ukingoni, wanapanda. Giza likiingia wanatia alama ya mti alimolala, wanashuka hadi ufukweni kwa mwanga wa tochi wakati wavuvi wa dagaa wanawasha taa zao ziwani, na kabla ya mapambazuko wanakuwa wameshapanda tena kuusubiri mti ule.