Uhakiki wa Istilahi za Theluji: Daraja la Tatu Lisemwe Vipi?

Mbele yetu pana rasimu ya Kiswahili ya mwongozo mdogo uliokusudiwa wasemaji wa Kiswahili waishio Uswisi na Austria, au wafikao huko kwa kazi na masomo, ambao wakati wa baridi huingia milimani pamoja na wenyeji. Mwongozo wafundisha namna ya kufanya safari za skii kwa usalama katika maeneo ya mapumziko ya milima ya Alpi, kama vile Davos. Mfasiri, ambaye hatumtaji kwa kuwa kazi yake haijatoka, ameandika Kiswahili fasaha, na sehemu ya mavazi na chakula hatukuiona na dosari. Lakini maandishi ya namna hii hayapimwi kwa ufasaha peke yake. Msomaji wake atasimama juu ya mteremko asubuhi akiamua kushuka au kurudi, na uamuzi wake utategemea neno alilolisoma jana jioni.

Tuanze na jina la shughuli yenyewe. Rasimu yasema "utalii wa kuteleza", na maneno yote mawili yamekosea. Mtalii kwetu ni mgeni aendaye kutazama. Anayezungumziwa hapa ni mtu apandaye mlima kwa nguvu zake mwenyewe, chini ya skii zake amebandika utepe wenye manyoya ili zisirudi nyuma, kisha akifika juu huubandua na kushuka kwenye theluji isiyoshindiliwa na mtambo wowote. Nako kuteleza, katika Kiswahili, ni jambo limpatalo mtu bila kutaka. Ndiyo maana twasema fulani ameteleza tunapotaka kumsitiri aliyekosa. "Safari ya skii" yatosha. Utepe huo rasimu imeuita "ngozi", nasi twaunga mkono: Wajerumani na Wafaransa nao wauita ngozi hadi leo, Wafaransa hata ngozi ya sili, ingawa siku hizi hufumwa kwa nailoni au manyoya ya mbuzi.

Kosa la pili limejificha ndani ya neno jepesi kabisa, nalo ni "njia". Katika eneo la mapumziko ziko njia zilizotiwa alama za buluu, nyekundu na nyeusi. Hizo hukaguliwa na walinzi, na theluji inayotishia kuziporomokea huangushwa kwa baruti kabla hazijafunguliwa. Uswisi zipo pia za manjano, ambazo zikiwa wazi hulindwa dhidi ya maporomoko lakini hazishindiliwi, wala jioni hakuna apitaye kuhakikisha kwamba hakuna aliyebaki. Nje ya hizo mtu yumo mikononi mwake mwenyewe. Rasimu yaita zote "njia", kisha yaamuru: "usitoke njiani". Basi msomaji aonapo michirizi ya skii za watu waliopita jana ataamini kwamba yumo njiani, ilhali michirizi hiyo yathibitisha tu kwamba mtu alipita. Theluji iliyombeba wa kwanza yaweza kukatika chini ya wa tano. Twapendekeza "njia ya skii" itumike kwa zilizotiwa alama peke yake, nje yake pawe "mteremko huria", na michirizi ibaki michirizi.

Kuhusu vifaa tutasema machache. Koleo, katika karakana zetu, ni chombo cha kubania chuma. Kwa chombo cha kufukulia theluji "beleshi" haina utata. Fimbo ndefu ya kukunjwa, ichomwayo ndani ya theluji kumtafuta aliyefukiwa, rasimu imeiita "kijiti". Watu wa pwani wana upondo, ambao huusukumia mtumbwi na huonja kina kwa mkono. Kwa nini tusiutwae?

Kifaa cha tatu chataka fikira zaidi. Ni chombo kidogo kivaliwacho mwilini, kinachotuma ishara kwa masafa ya kilohezi 457 muda wote wa safari. Mmoja akifukiwa, wenziwe hugeuza vyombo vyao vipokee badala ya kutuma, na ishara yake huwaongoza. Rasimu imekiita "kiokozi". Jina hili ni la hatari, maana chombo hakimwokoi mtu. Mwenye kukivaa akiwa peke yake atafukiwa pamoja nacho. Tulifikiria "kitafutio", lakini hilo latoa nusu ya kazi tu. Kiswahili kinayo kauli ya kutendana, nayo yasema yote kwa mara moja: "redio ya kutafutana". Atakayeambiwa jina hilo atauliza mwenyewe, "Kutafutana na nani?", na swali hilo ndilo somo. Hapo hapo mfasiri aondoe maneno "atafutwe haraka iwezekanavyo" na aweke dakika. Utafiti wa Uswisi uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba takriban watu 9 kati ya 10 waliofukiwa huwa hai wakifukuliwa katika dakika 15 za kwanza, na baada ya hapo idadi huanguka ghafla. Hesabu mpya iliyotolewa mwaka 2024 imeipunguza nafasi hiyo hadi dakika 10. Helikopta aghalabu haiwahi, bali huwahi wenzi waliopo.

Sasa tufike penye kiini. Idara za hadhari za nchi za Alpi zilikubaliana mwaka 1993 kutumia kipimo kimoja cha hatari ya maporomoko ya theluji, chenye madaraja matano. Taasisi ya SLF iliyoko Davos hutoa taarifa kwa kipimo hicho kila siku ya majira ya baridi saa kumi na moja jioni, kwa Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiingereza. Rasimu imeyafasiri madaraja hivi: salama, hatari kidogo, hatari ya wastani, hatari kubwa, hatari kubwa sana. Yamepangika vizuri kama ngazi ya nyumba, na ndipo penye ubaya.

Kila mwalimu ajua "wastani" ni nini katika ripoti ya mwanafunzi. Ni neno la kumtuliza mzazi. Lakini kwa hesabu za SLF, daraja la tatu, ambalo hutangazwa katika takriban asilimia 30 ya majira, huchukua karibu nusu ya wote wanaouawa na maporomoko. Sababu si ngumu kuiona. Daraja la nne huwatisha watu wakabaki nyumbani. La tano ni nadra mno: lilitangazwa Februari 1999, mwezi ambao poromoko liliua watu 31 kijijini Galtür, Austria, na tena Januari 2018 katika sehemu za Uswisi. Siku kama hizo barabara hufungwa na hakuna wa kufanya safari. Kwa hiyo, kwa mwenye skii, la tatu haliko katikati. Liko karibu na kilele cha yote atakayokutana nayo. Tena madaraja hayapandi kwa hatua zilizo sawa, bali kila moja huruka mbali zaidi kuliko lililotangulia. Katika la tatu, uzito wa mtu mmoja waweza kutosha kukata bamba la theluji kwenye mteremko wa zaidi ya digrii 30, na wengi wa wanaofukiwa hufukiwa na bamba walilolikata wao wenyewe au wenzi wao.

Wenye kipimo nao hawakosi lawama. Kijerumani chasema "erheblich", neno la ofisini lisilomshtua mtu. Kifaransa "marqué" na Kiitaliano "marcato" yaelekea maana ya kitu kilicho dhahiri, na mmoja wetu alipendekeza "hatari bayana" kwa kuyafuata. Tumekataa. Hatari hii mara nyingi imelala chini, katika tabaka dhaifu lisiloonekana, na anayengoja iwe bayana atangoja mpaka theluji ikatike.

Twapendekeza: ndogo, ya kiasi, nzito, kubwa, kubwa mno. "Salama" iondolewe kabisa, kwani hata daraja la kwanza limepata kuua. Twajua atatokea wa kuuliza kama zito ni chini ya kubwa au juu yake. Kwa ajili hiyo tarakimu iandikwe daima kando ya neno, lakini mfasiri asiandike "3 kati ya 5", asije akaurudisha wastani kwa mlango wa nyuma.

Limebaki neno moja ambalo hatujakubaliana. Tabaka dhaifu likibomoka chini ya miguu, theluji hutoa mlio mzito uendao mbali, na mlio huo ni amri ya kurudi. Rasimu yasema "kelele". Baadhi yetu wataka "kishindo". Wengine wasema lugha yenye tanakali nyingi kama yetu haina haja ya nomino hapa, na msomaji aambiwe tu: theluji ikilia "vumm", geuka.