Kasi Iliyothibitishwa

Agosti 1998 kampuni ya Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu, Celeron 300A. Kasi yake ya megahezi 300 ilitokana na hesabu fupi: saa ya ubao mama, megahezi 66, mara 4.5. Kizidishi hicho cha 4.5 kilifungwa kiwandani, ila saa ya ubao ilibaki mikononi mwa fundi. Aliyeipandisha hadi 100 alipata megahezi 450, na prosesa nyingi za aina hiyo ziliimudu kasi hiyo.

Kubadilisha namba ni kazi ya dakika moja. Ninachokistahi ni kazi inayofuata: kuhakikisha kwamba kasi hiyo ni ya kuaminika.

Fundi makini hapandi kwa pupa. Huongeza kidogo, huwasha mashine, hupima joto, huandika. Mashine ikikwama, ama atarudi nyuma, ama ataongeza volti. Hapo ndipo busara inapohitajika, kwa kuwa joto linalozalishwa na prosesa hukua sambamba na kasi na kwa mraba wa volti. Ongeza kasi asilimia 10 na volti asilimia 10, joto hilo litapanda kwa takriban asilimia 33. Wala hawezi kunakili namba za mwenzake. Prosesa mbili za modeli moja, zilizotoka kiwanda kimoja, hazilingani. Moja hutulia pale nyingine inapoyumba. Lazima aijue ya kwake.

Kisha huja mtihani. Mafundi wengi hutumia Prime95, programu ya George Woltman wa Marekani, aliyeanzisha mwaka 1996 mradi wa kusaka namba tasa za Mersenne kwa kompyuta za watu wa kawaida. Programu hiyo huibebesha prosesa mahesabu mazito ambayo majibu yake yanajulikana tayari. Katika kila hatua, matokeo yanapaswa kuangukia karibu kabisa na namba kamili. Yakipotoka kwa zaidi ya 0.4, programu hutangaza kosa. Kompyuta haijazimika, feni zinazunguka, kioo kinawaka, na bado hesabu imekosewa. Kosa la aina hiyo ndilo la kuogopwa, maana huharibu hati na picha za mtu pasipo dalili yoyote. Mwenye pupa angefurahi kwamba mashine imewaka. Fundi makini huiacha ijaribiwe usiku kucha, na kosa moja tu humrudisha mezani.

Hata ikifaulu, hushuka hatua moja kutoka kileleni. Huacha nafasi kwa ajili ya vumbi litakaloziba kipoza joto, msimu wa joto kali, na kuchakaa kwa silikoni. Megahezi anazoziacha hakuna atakayezisifu, kwa sababu hazionekani popote. Mimi nazisifu: bila hizo, kasi yote aliyoipata isingekuwa ya kutegemewa kwa kazi ya kesho.